Sysctl: huandika vizuri, hukagua kidogo

Kwa msimamizi wa seva za Linux, sysctl ndiyo amri ya kawaida ya kusoma na kubadili vigezo vya mtandao vya kerneli (kiini cha mfumo endeshi) bila kuzima mashine, na katika kazi hiyo sina lawama nayo: ni nyepesi, na kila jina linaloanza na net.ipv4 lina faili yake chini ya /proc/sys/net/ipv4. Ikipimwa kama chombo cha kuhakiki mipangilio, hata hivyo, alama zake zinashuka.

Amri yenyewe haipimi thamani unayoipa. Huikabidhi kwa kerneli, nayo kerneli hukagua kila kigezo kwa namna yake. Ukiandika 300 kwenye ip_default_ttl (idadi ya vituo ambavyo pakiti inaruhusiwa kupitia) utakataliwa, kwa kuwa mipaka yake ni 1 hadi 255, na ip_local_port_range (masafa ya namba za milango ya mtandao ambayo mashine hujichagulia) haikubali mwanzo uliozidi mwisho. Lakini namba tatu za tcp_rmem, yaani kiwango cha chini, cha kawaida na cha juu cha kumbukumbu ya kupokelea, hukaguliwa moja moja bila kulinganishwa, hivyo kiwango cha juu kilicho kidogo kuliko cha chini kinapita bila onyo lolote. Kwa kigezo kinachogusa kila muunganisho wa TCP (itifaki ya kusafirisha data), huo ni ulegevu usioeleweka.

Ujumbe wa makosa nao unapotosha. Ukitaja algoriti isiyokuwepo kwenye tcp_congestion_control (kigezo cha kuchagua namna ya kudhibiti msongamano), unajibiwa kwamba faili haipo, ilhali faili ipo na kinachokosekana ni algoriti.

Wengi huamini kwamba kusoma thamani upya baada ya kuiandika ni uthibitisho tosha. Sivyo: rp_filter (ukaguzi wa anwani ya chanzo cha pakiti) ya kiolesura kimoja cha mtandao inaweza kuonyesha 0 huku kerneli ikifuata 1 iliyowekwa kwenye conf/all (mipangilio ya violesura vyote), kwa sababu kati ya hizo mbili iliyo kubwa ndiyo inayotumika. Kuwasha ip_forward (kupitisha pakiti za mashine nyingine) nako hubadili accept_redirects (kukubali maelekezo ya njia mpya) ya conf/all, kwa hiyo mpangilio wa mistari ndani ya faili ambayo sysctl husoma vigezo una uzito wake.

Ningeshauri itumike bila chaguo la -e, ambalo hunyamazisha makosa ya majina yasiyojulikana. Faili za zamani bado zina tcp_tw_recycle (kigezo cha zamani cha TCP), iliyoondolewa katika toleo la 4.12 la kerneli mwaka 2017, na kwa chaguo hilo mstari huo hautekelezwi wala hautajwi.