Uzoefu wangu: maltimita (mita ya kupimia umeme) ya elfu 35 na Subaru iliyokuwa ikipiga stata kivivu

Nina Impreza WRX ya 2002, ile ya taa za mviringo, injini EJ205 yenye turbo. Asubuhi ilikuwa inawaka bila neno. Shida ni mchana: natoka Mbezi hadi Posta na foleni yote ile, nazima dakika kumi, nikirudi stata (mota inayozungusha injini iwake) inajikokota, nyuu… nyuu… nyuu… ndipo inashika. Mara mbili iligoma kabisa nikasukumwa na vijana wa bodaboda. Bomba kubwa nyuma, bawa juu ya buti, na bado tunasukuma.

Kabla sijaisifu mita niseme hela zilivyonitoka. Kwanza nilinunua betri mpya ya saizi ya D23L, laki mbili na sitini. Wiki ileile tatizo likarudi. Fundi akaja, akasikiliza mara moja tu: "Bosi, stata hiyo imekwisha, tafuta nyingine." Kwenye gari hili stata imekaa juu ya giaboksi, chini ya intakula (kipoozeo cha hewa ya turbo), kwa hiyo intakula inatoka kwanza, kisha bolti mbili. Nikaleta ya mtumba ya Japani, laki na nusu. Ikazungusha injini kama gari limetoka bandarini jana! Fundi nikamuongezea na ya soda. Wiki tatu baadaye, nyuu… nyuu…

Nilichokuja kugundua ni kwamba bolti moja ya stata ndiyo hiyohiyo inayobana waya wa ethi, yaani wa upande hasi, kutoka kwenye betri. Tulipoifungua na kuikaza upya, kichwa cha waya kilijisugua kikashika vizuri kwa muda. Sifa akapewa stata.

Ndipo nikaenda Kariakoo kununua maltimita. (Ni mita, ila si ya LUKU, mama watoto alishaanza kuuliza.) Haina jina la maana, rangi ya njano, elfu 35.

Gari likiwa la moto, nikatoa rilei (swichi ya umeme) ya pampu ya mafuta ili lisiwake. Liliwaka kidogo kwa petroli iliyobaki kwenye mipira, likazima, baada ya hapo likawa linapiga stata tu. Mdogo wangu kwenye ufunguo, mimi kwenye mita. Betri ikiwa imetulia: volti 12.6, imejaa. Wakati wa kupiga stata: 10.8. Hapo nikashtuka. Betri ikiwa mbovu, au stata ikiwa nzito inakula umeme kupita kiasi, volti huporomoka, mara nyingi chini ya 9.6. Yangu ilibaki juu, na bado injini inazunguka kivivu. Maana yake umeme upo, ila kuna mahali unazuiwa njiani.

Nikaweka ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, si kwenye klempu, nyingine kwenye chuma safi cha giaboksi. "Piga!" Mita ikaonyesha volti 1.31, ndizo zinazopotea njiani kwenye ethi. Upande wa ethi hautakiwi kuzidi kama 0.2 au 0.3. Upande wa chanya, kutoka betri hadi kwenye stata, 0.2 tu, safi.

Nilipochana ganda la waya wa ethi karibu na kichwa, ndani palikuwa na unga wa kijani, nyuzi zinakatika kwa kucha. Na waya huohuo fundi umeme alishaupima kwa ule mlio wa "piii" wa mita akasema mzima. Mlio huo unataka hata uzi mmoja tu. Stata inavuta zaidi ya ampea 100. Ukiwa na kizuizi cha omu 0.01, ambacho mita ya bei hii haiwezi hata kukisoma, kwa ampea 130 umeshapoteza volti 1.3. Na joto linazidisha, ndiyo maana asubuhi ilikuwa inanidanganya.

Waya mpya nilitengenezewa kwa kebo ya mashine ya kuchomelea, milimita mraba 35, vichwa vya shaba vimebanwa kwa mashine. Elfu 40 na ufundi. Sasa ethi inasoma 0.12. Betri wakati wa kupiga stata imeshuka hadi 10.4, ni sawa kabisa, maana stata sasa inapata umeme wake wote.

Kuhusu mita yenyewe: namba zinabadilika taratibu, inabidi upige stata sekunde tatu nne ndipo zitulie, na haihifadhi namba ya chini kabisa iliyofikiwa. Waya zake ni fupi na laini mno, nikaunga kipande na klipu za mamba. Kibaya zaidi ni tundu lililoandikwa 10A: usije ukajaribu kupimia stata hapo, utaunguza. Kwa ampea za stata unahitaji mita ya kubana waya, tena inayosoma DC, nayo bei yake ni nyingine. Taa ya kioo ni nzuri, usiku inasomeka.

Naipa nyota nne kati ya tano, moja nimeikata kwa zile waya. Stata yangu ya kwanza ipo uvunguni ndani ya boksi. Nimeijaribu kwenye betri, inazunguka vizuri tu.