TAHADHARI: Unga wa "mitishamba tupu" unaoshusha sukari kwa siku tatu

Wenye kisukari aina ya pili, na mnaowauguza wazee nyumbani, someni hili. Kuna vikopo vya unga vinauzwa kwenye magrupu ya WhatsApp na stendi za mabasi kwa jina la virutubisho: "haina kemikali, siku tatu sukari chini, siku 21 umepona." Kopo halina jina la kiwanda, namba ya toleo wala namba ya usajili.

Wengi huogopa kuuziwa majani yasiyofanya kazi. Uogopeni zaidi ule unaofanya kazi. Mlonge, uwatu na mdalasini haviishushi sukari kutoka 15 hadi 6 (mmol/L, kipimo cha mashine ya sukari) kwa siku tatu. Kinachoweza ni dawa ya hospitali iliyosagiwa humo kimyakimya, mara nyingi glibenklamaidi, ile inayojulikana famasi kama Daonil. Singapore mwaka 2008 ilikutwa kwenye dawa haramu za nguvu za kiume: watu 150 wasio na kisukari walilazwa sukari ikiwa imeshuka vibaya, wanne wakafa.

Sasa fikiria mzee anayemeza glibenklamaidi miligramu 5 kila asubuhi, halafu anaongeza kijiko cha unga. Unga uliochanganywa kwa mkono haulingani: kijiko cha leo kitupu, cha kesho kimebeba dozi mbili. Usiku tumbo likiwa tupu, sukari inapita chini ya 4. Mwenye figo dhaifu huumia zaidi kwa kuwa dawa haitoki mwilini upesi. Na akiuacha unga sukari inapanda, muuzaji anamwambia "ongeza kopo la pili".

Jasho la baridi, mikono kutetemeka, njaa ya ghafla, kuongea kama mlevi: hiyo ni sukari kushuka. Kama anaweza kumeza, mpeni vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, pimeni baada ya dakika 15, bado iko chini ya 4 rudieni. Ikipanda ale chakula. Amezimia? Msimtie chochote mdomoni, mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali. Hata aliyezinduka aende, maana glibenklamaidi inaweza kuishusha tena saa nyingi baadaye.

Kopo msilitupe. Mwonyesheni daktari, kisha lipelekwe TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania), au kwa Kenya Bodi ya Famasi na Sumu, na unga uliobaki ndani yake.