Rula ya masafa niliyochongesha Mwanjelwa: miezi minne mezani

Ninayo mkononi sasa hivi, na kona yake moja imeshapauka kwa kushikwashikwa. Ni kipande cha plastiki ngumu, angavu kama kioo, urefu sentimita 20, upana wa kidole, unene milimita 3. Ncha moja ina pengo la nusu duara. Nililipa shilingi 9,000 kwenye duka la mabango na ngao pale Mwanjelwa, Mbeya, wana mashine ya kukata kwa leza. Kwa sisi tunaocheza vita vya ndege mezani, sijapata chombo kilichopunguza ubishi kama hiki.

Mchezo wenyewe ni Wings of Glory wa Ares Games, ule wa Vita Kuu ya Kwanza. Ndege ni ndogo, kipimo cha 1:144, kila moja imesimama juu ya kijiti kilichochomekwa kwenye kitako. Kila mtu anachagua kadi za mwendo kwa siri, tunafunua pamoja, tunasogeza ndege, halafu tunapima. Rula ina nusu mbili. Adui akiwa ndani ya nusu ya kwanza anachota kadi mbili za madhara, akiwa ndani ya nusu ya pili anachota moja. Akipita hapo, hujampiga. Kwa hiyo milimita mbili zinaweza kumrudisha mtu nyumbani mapema.

Rula ya karatasi iliyokuja na boksi ililowa chai, ikavimba, ikapinda. Tukaamua kutengeneza ya kwetu ya sentimita 20 kamili, kwa sababu meza yetu ni kubwa na hesabu yake ni nyepesi. Kabla ya kufika Mwanjelwa tulihangaika na kila kitu kilichokuwa ndani ya nyumba.

Futi ya fundi cherehani ilikuwa ya kwanza. Ni laini, haiangushi ndege, lakini inalegea katikati, na ikishatumika sana inavutika. Ukiikaza unapata namba moja, mwenzako akiikaza anapata nyingine. Tukahamia futi ya chuma ya seremala. Hiyo nilidhani ndiyo mwisho wa maneno, mpaka nilipoutazama vizuri ule ulimi wa mwanzoni. Unacheza. Umetengenezwa ucheze makusudi: ukiunasa kwenye ukingo wa ubao unavutika nje, ukiusukuma ukutani unarudi ndani, na tofauti hiyo ni unene wa ulimi wenyewe, ili fundi apate kipimo sahihi pande zote mbili. Sisi hatunasi wala hatusukumi. Tunauning'iniza hewani kando ya kijiti, na kila mtu anaanzia sifuri anayoijua yeye. Tena futi yenyewe ni nzito. Ilishawahi kuniponyoka ikajikunja kwa kasi, ikaipiga Fokker Dr.I ya Mwalimu, ile ndege ya Kijerumani ya mabawa matatu, na kuvunja bawa la juu. Nililigandisha kwa gundi usiku uleule, lakini ukilitazama kwa pembeni bado linainama.

Mwalimu ni jirani yangu hapa Forest, amestaafu kufundisha hesabu. Ndiye aliyetuonyesha kwamba futi si tatizo letu kubwa. Tatizo ni kwamba hatukuwa tumekubaliana tunapima kutoka wapi hadi wapi. Sopwith Camel halisi, ndege ya Waingereza, ilikuwa na mabawa ya mita 8.53 kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo ya mezani inafika karibu sentimita 6. Dr.I ni fupi, inafika 5. Sasa ziweke ubavu kwa ubavu. Anayepima kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, na anayepima kutoka kijiti hadi kijiti, wanatofautiana kwa zaidi ya sentimita 5. Hiyo ni robo ya masafa yote! Wachezaji wa X-Wing, mchezo wa mezani wa vyombo vya Star Wars, wanapima ukingo wa kitako hadi ukingo wa kitako ulio karibu zaidi, na mabawa hayahesabiki kabisa. Sisi tukachagua kijiti kwa kijiti. Ndiyo maana ya lile pengo la nusu duara: linakumbatia kijiti cha mpigaji, rula haitelezi, na sifuri ya rula ipo katikati ya kijiti.

Mambo yakanoga tulipoanza kutumia urefu wa kwenda juu. Tunaongeza vijiti, kila kimoja sentimita 5, ndege inapanda. Jumamosi moja mdogo wangu alikuwa juu yangu kwa vijiti viwili, akalaza rula mezani, ikasoma 18.

"Kaka, imefika hiyo. Chota kadi."

Mwalimu akamwambia, "Subiri, mwanangu. Risasi haipiti mezani, inapita hewani."

Akachukua penseli. Mezani 18, juu 10. Mia tatu ishirini na nne, ongeza mia moja, tafuta kipeuo cha pili: 20.6. Haijafika. Mdogo wangu alinyamaza kidogo, kisha akaomba penseli akaipiga hesabu mwenyewe, ikatoka ileile.

Hapo ndipo nikapata wazo la alama, na ndizo zinazonifanya niisifu rula hii. Huwezi kuinamisha rula kati ya ndege mbili zilizosimama juu ya vijiti bila kugusa kitu. Kwa hiyo nilimwomba fundi achore mistari mitatu zaidi ya ule wa nusu. Tofauti ya kijiti kimoja, mwisho ni sentimita 19.4 ukipima mezani. Vijiti viwili, 17.3. Vitatu, 13.2. Unalaza rula, unatazama mstari wako, umemaliza. Angalia pia jinsi kijiti kimoja kinavyokula milimita 6 tu, lakini cha tatu peke yake kinakula zaidi ya sentimita 4. Kabla ya rula hii mimi nilikuwa nakata sentimita moja kwa kila kijiti, na nilikuwa nakosea kila mara.

Mwalimu anapenda kutukumbusha kwamba sentimita 20 kwa kipimo chetu ni kama mita 29 tu za kweli. Ni karibu sana, lakini marubani wazuri walitaka ukaribu. Oswald Boelcke, Mjerumani, aliandika kanuni zake mwaka 1916, na mojawapo inasema piga ukiwa karibu tu, na adui awe amekaa sawa kwenye shabaha yako. Huku kwetu ndege za vita ile zilikuwa na kazi nyingine. Tarehe 11 Julai 1915, kwenye delta ya Rufiji, ndege ya Waingereza ilizunguka juu ya meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ikipeleka taarifa kwa redio mahali makombora ya meli za Waingereza, Severn na Mersey, yalipoangukia, mpaka wapigaji wakarekebisha masafa na kuipata. Ndege yenyewe ilipigwa ikashukia mtoni. Nao walikuwa wanapima masafa, wakiwa hewani, bila rula.

Nirudi kwenye kasoro, maana zipo. Ya kwanza kukatwa ilikuwa na upungufu wa milimita 6. Nilikuwa nimempa fundi picha ya mchoro kwenye simu, akaiingiza kwenye kompyuta kwa makadirio. Alikata nyingine bila kunitoza, lakini nilipanda bajaji mara mbili. Mpelekee namba zilizoandikwa, usimpe picha, na nenda na rula ya shule uipime palepale kabla hujalipa. Pili, mistari imechongwa bila rangi. Jioni, umeme ukikatika na mkabaki na taa ya simu, haionekani. Nimeijaza wino wa kalamu nyekundu na kufuta uliobaki kwa kitambaa, imekaa mwezi wa tatu sasa. Tatu, plastiki hii ikianguka kwenye sakafu ya saruji inabanduka kona.

Kuna aliyenishauri ninunue leza ya mafundi vigae. Niliazima moja. Inachora mstari mwekundu mzuri mezani na inaonyesha kama adui yupo ndani ya pembe ya bunduki, lakini yupo umbali gani haikuambii, na watoto wanaozunguka meza sitaki waitazame.

Nimeagiza mbili zaidi, moja ya Mwalimu. Hizo zitakuwa na mstari mmoja zaidi, kwenye sentimita 8.7: mwisho wa kadi mbili ukiwa na tofauti ya kijiti kimoja. Kwa vijiti viwili sikuweka kitu, kwa sababu umbali wa kwenda juu peke yake umeshamaliza nusu rula yote.