Spika za waifai nimezikubali, ila malizana na rauta kwanza

Nina miezi mitatu na hizi spika za waifai, ziko tatu, moja sebuleni, moja jikoni, moja chumbani, na kwa upande wa sauti sina neno kabisa, besi imetulia na ukiweka wimbo mmoja zote zinapiga pamoja, unatoka sebuleni unaenda jikoni husikii zikipishana hata kidogo. Ila wiki ya kwanza nlishazifunga kwenye boksi nizirudishe, na ningezirudisha ningezionea bure, maana tatizo lilikuwa kwenye rauta.

Mi nna rauta mbili. Moja nlipewa na kampuni ya intaneti, ya pili nliongeza mwenyewe kwa sababu chumbani waifai ilikuwa haifiki. Nikazipa zote jina moja na paswedi moja nikajua nshamaliza. Basi nikiwa sebuleni nafungua programu kwenye simu naona spika ya sebuleni na ya jikoni, ya chumbani haipo, nikienda chumbani inatokea hiyo ya chumbani peke yake na zile mbili zimepotea. Na intaneti inapiga kazi kila kona! Nimeiriseti ile ya chumbani mara nne, unabonyeza kale kakitufe ka nyuma mpaka taa igeuke rangi ya chungwa, naanza upya, palepale. Kikaratasi cha maelekezo kinasema tu hakikisha simu na spika ziko kwenye mtandao mmoja. Sasa mi najiona niko mtandao mmoja, si jina ni lilelile? Nyota ya tano nimewanyima hapo tu, mistari miwili zaidi ingeniokolea wiki nzima.

Kumbe jina sio mtandao. Ingia setingi za simu, gusa waifai uliyoshika, utaona anwani ya IP, ile namba ya simu yako ndani ya mtandao. Sebuleni yangu ilianza na 192.168.1, chumbani 192.168.0, hiyo namba ya tatu ikitofautiana kwenye rauta za nyumbani jua karibu kila mara una mitandao miwili. Rauta ya pili ilikuwa inagawa anwani zake yenyewe, halafu ile programu huwa inatafuta spika kwa kupiga mbiu ndani ya mtandao, kila aliyemo anasikia, ila mbiu hiyo haivuki rauta. Ndo maana intaneti inafika na spika hazionani.

Dawa yake: rauta ya pili iache kuwa rauta, iwe akses pointi, yaani isambaze tu waifai ya mtandao wa rauta ya kwanza. Nyingine zina hiyo setingi moja kwa moja, unachagua tu. Yangu haina, kwa hiyo nikaanza kuibadilisha anwani kwenye ukurasa wa setingi zake iwe 192.168.1.2 (hakikisha hakuna kifaa kingine chenye hiyo), ukisevu ukurasa unapotea usishtuke, umehama anwani, kama hauingii jiwekee kwa muda anwani inayoanza na 192.168.1 kwenye kompyuta, ingia tena kwa hiyo mpya ndo uzime DHCP, ile kazi ya kugawa anwani. Kisha waya unaotoka rauta ya kwanza uutoe kwenye tundu la WAN (la kuingizia intaneti) uchomeke LAN (yale ya kuunganishia vifaa vya ndani). Hapo kwenye waya ndo wengi wanakosea, mana tundu la WAN linavutia limekaa peke yake na rangi yake. Nilipochomeka LAN nikafungua programu, spika zote tatu hizo hapo, nimesimama katikati ya nyumba nimewasha muziki hadi usiku.

Usiziweke kwenye waifai ya wageni, hiyo imetengenezwa makusudi vifaa visionane.

Ya jikoni ilibaki na kasumba ya kukatakata kila maikrowevu ikiwashwa, na hilo linaeleweka, maikrowevu na waifai ya gigahetzi 2.4 ziko masafa yaleyale. Hizi spika zinashika na 5, nikaipa hiyo 5 jina lake pembeni nikaihamishia huko, ikatulia. Na ona, sasa nna majina mawili ila mtandao mmoja, na zinaonana vizuri tu. Ya chumbani nimeiacha 2.4 kwa sababu 5 ukuta unaimaliza, nikaweka chaneli 11 badala ya oto, maana 1, 6 na 11 ndo haziingiliani.

Kinachoniudhi bado ni programu yenyewe, ukiifungua inakaa kama sekunde kumi haijaonyesha spika hata moja, unaanza kuwaza zimepotea tena, kisha zinatokea zote kwa mpigo.