Bletilla au Cypripedium kwa bustani ya Uingereza?

Anayeanza okidi za ardhini namshauri anunue Bletilla striata. Viazi vyake hufukiwa sentimita 5 chini, kwenye udongo wa kawaida uliochanganywa na mboji na changarawe, mahali penye jua la asubuhi. Huongezeka haraka na kugawanywa ni rahisi. Adui yake ni jalidi ya mwisho wa majira ya kuchipua: chipukizi hutoka mapema likiwa limebeba maua ndani, na usiku mmoja wa jalidi hulichoma, majani yatakua, lakini maua ya mwaka huo usahau. Litandazie majani makavu, na usiku wa baridi lifunike kwa kitambaa chepesi cha bustani.

Cypripedium, nayo okidi ya ardhini, ni shughuli nyingine, na bei yake inauma. Baridi ya kipupwe haimsumbui. Anaihitaji, takriban miezi 3 chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, ndipo achanue. Kinachomuua ni maji kutuama. Chimba shimo la upana wa sentimita 50 na kina cha 25, lijaze perlaiti au pamisi (vijiwe vyepesi vya volkano) sehemu 2 kwa udongo sehemu 1. Tandaza mizizi kama miguu ya buibui, bila kuielekeza chini, na vichipukizi vibaki sentimita 2 tu chini ya uso wa udongo. Vikizikwa zaidi huoza. Panda kabla ya kipupwe, kwenye nusu kivuli. Chotara huvumilia makosa kuliko spishi za porini, na hakikisha umenunua mmea uliokuzwa kitaluni, si uliong'olewa msituni.