Soda ya zero, dafu au maji: ununue nini Mombasa ukiwa wapunguza mwili

Ukitaka kujua kopo lipi ni la soda ya zero na lipi ni la sukari, yatumbukize yote kwenye pipa la maji ya barafu. La zero huelea, la sukari huzama. Mimi nililiona hilo harusini Kisauni, vinywaji vimepoezwa ndani ya pipa la bluu lililokatwa nusu. Makopo ya zero yalikuwa juu yakigongana kama ngalawa bandarini. Ya kawaida ilibidi uyapapase chini, mkono umelowa mpaka kiwiko. Makopo ni yale yale, ujazo ule ule wa mililita 330. Kinachozamisha ni gramu 35 za sukari, karibu vijiko tisa vya chai.

Nilikuwa mtu wa soda mbili kwa siku, nusu lita mchana na nusu lita jioni nikirudi kazini. Nusu lita ya Coca-Cola ya kawaida ina gramu 53 za sukari na kalori zipatazo 210. Mbili ni 420, na hapo sijatia tonge mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa isipite asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe nusu ya hiyo, yaani gramu 25 hivi kwa mtu mzima. Chupa moja tu, mara mbili ya kiwango imeshapita.

Basi hapa nimevipanga vinywaji vinavyopatikana mjini kwa mtu anayetaka kupungua. Sikuangalia sukari peke yake. Niliangalia pia kama kioski cha mtaani kinacho, na, hili ndilo kubwa, kinywaji chenyewe kinaita chakula gani. Mombasa mtu hanywi kitu kikavu. Kila kikombe kina mwenzake.

1. Maji

Najua, hukuja hapa kuambiwa maji. Lakini sababu ya watu wengi kukimbilia soda ni kwamba maji ya mji huu hayanyweki: ya bomba leo yapo kesho hayapo, ya kisima yana chumvi. Ukitegemea chupa ndogondogo za dukani utaona gharama, na siku ya tatu utarudi kwenye soda. Nunua mtungi wa lita 20 unaojazwa tena, uuweke jikoni, na kila usiku ugandishe chupa moja nusu. Asubuhi ijazie maji, utoke nayo. Kwa jua la kaskazi itakufikisha saa nane mchana ikiwa bado baridi. Kata ndimu ukipenda.

2. Kahawa tungu, na chai ya rangi isiyotiwa kitu

Yule mzee apitaye na dele jioni, vikombe vikilia mkononi, anauza kinywaji kisicho na sukari hata chembe, na kikombe chake ni kidogo kwa bei ndogo. Kwangu mimi, tangawizi ndani yake hukata hamu ya kitu kitamu kwa namna ambayo soda ya zero haiwezi. Mtego uko kwenye sinia lililo pembeni: kashata na haluwa. Kunywa ukiwa umesimama, ulipe, uende zako.

Chai ya maziwa siihesabu hapa. Nina shoga yangu aliyeacha soda kabisa, akajisifu wiki nzima, na huku anakunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu. Hivyo ni vijiko tisa. Lile kopo lililozama amelirudisha kwa mlango wa nyuma.

3. Maji ya gesi na ndimu

Kwa wale ambao wanachokitamani hasa ni ule mchomo wa kooni wala si utamu, hii ndiyo dawa. Lakini angalia usichanganye na toniki. Chupa hufanana, zimekaa rafu moja, na toniki ya kawaida ina sukari.

4. Soda ya zero

Hapa ndipo wengi tunapogombana.

Kwanza hesabu iliyo wazi: haina sukari, na kalori zake hazifiki hata za kuhesabika. Utamu unatoka kwa vitu kama aspartame, ambayo ni tamu kuliko sukari mara 200 hivi, ndiyo maana inatosha chembe. Kama wewe ni mtu wa soda kila siku, kwako hii si namba 4, ni namba 1, kwa miezi ya mwanzo. Kuhama kutoka soda mbili hadi maji matupu kwa siku moja ni wachache wanaoweza. Kuhama kutoka ya sukari hadi zero, hata mimi niliweza.

Ushahidi upo. Uholanzi waligawa kinywaji cha mililita 250 kila siku kwa watoto 641, wengine chenye sukari, wengine kisicho nayo, bila mtoto kujua chake ni kipi. Baada ya miezi 18, waliokuwa kwenye sukari walikuwa wameongezeka kilo 7.37, wenzao kilo 6.35. Watoto hukua, kuongezeka ni kawaida. Ile kilo moja ya ziada ndiyo sukari.

Lakini ukiilinganisha zero na maji, mambo yanavurugika. Utafiti mmoja wa Marekani ulikuta waliokuwa wakinywa vinywaji vya daiti, yaani visivyo na sukari, wakifuata mpango wa kupungua walipungua zaidi ya waliokunywa maji. Pesa za utafiti huo zilitoka kwa chama cha watengenezaji wa vinywaji. Iran nao walichukua wanawake wenye uzito uliozidi, wakawapa baada ya chakula cha mchana ama maji ama kinywaji cha daiti, kwa wiki 24. Wa maji walipungua kilo 8.8, wa daiti 7.6. Mimi naegemea huu wa Iran, kwa sababu ya ile "baada ya chakula cha mchana". Ndivyo tunavyokunywa sisi.

Tazama inavyokuwa. Ijumaa, sahani ya biryani imefika, mtu anaagiza zero. Akishaagiza tu, moyo wake umetulia: nimejinyima. Basi anaongeza kipande cha nyama, anamalizia viazi vya mwenzake, na jioni pale Lighthouse, kando ya bahari, anasema viazi karai viwili havidhuru, si mchana nilikunywa zero? Soda haikumnenepesha. Ruhusa aliyojipa ndiyo iliyomnenepesha. Nikinunua zero siku hizi naifuatisha sheria moja: inachukua nafasi ya soda ya sukari ambayo ningeinywa kweli. Kama nisingeinywa, sinunui.

Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo likishauri watu wasitumie vitamu hivi kama njia ya kudhibiti uzito, kwa kuwa kwa muda mrefu faida haionekani. Mwongozo huo haukuwahusu wenye kisukari tayari. Wao wasikilize kliniki yao. Miezi miwili baadaye ukaja ule uvumi wa saratani uliozunguka kwenye simu zetu. Kilichotokea ni kwamba aspartame iliwekwa kundi la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani kwa ushahidi mdogo, kundi moja na dondoo la jani zima la shubiri (aloe vera). Wakati huo huo kamati ya wataalamu ilikibakisha kiwango kinachokubalika kwa siku pale pale, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili. Kwa mtu wa kilo 70 ni kama kupita makopo 9 hadi 14 kwa siku, kutegemea kopo lina kiasi gani. Ukifika huko una shida nyingine. Wasioruhusiwa kabisa ni wale waliozaliwa na ugonjwa adimu wa fenilketonuria, na lebo huwataja.

Meno hayajali zero. Asidi ni ile ile, kwa hiyo usiinywe kwa mafunda madogo mchana kutwa. Kafeini nayo ipo kwenye zile nyeusi. Ukinywa saa tatu usiku usimlaumu mbu ukikosa usingizi.

Sasa kununua kwenyewe. Duka la karibu na kwangu mazungumzo huwa hivi:

"Kaka, zero ipo?"

"Ipo." Anatoa ya kawaida.

"Hii si zero."

"Dada, ladha ni moja."

Ladha si moja, na kosa si lake peke yake. Tangu muundo ulipobadilishwa mwaka 2021, Coca-Cola ya zero nayo ni nyekundu. Tofauti ni kwamba jina limeandikwa kwa rangi nyeusi badala ya nyeupe. Ndani ya friji yenye taa iliyokufa huoni kitu. Itoe nje mwangani, usome "sukari" kwa mililita 100, iwe sifuri. Usiishie kwenye maneno makubwa ya mbele. Kuna soda za kawaida zinazochanganya sukari na vitamu vingine, sukari imepungua lakini haijaisha. Na namba hiyo ni ya mililita 100, chupa yako ni 500: zidisha kwa tano.

Hotelini ni taabu zaidi, wanamimina kutoka chupa kubwa jikoni na kukuletea gilasi. Kuna mahali sitapataja niliambiwa ni zero mara mbili. Niliweka tone kati ya kidole gumba na cha shahada, nikasubiri likauke. Vidole vikanatana kama nimeshika kaimati. Zero hainati. Fanya hivyo kabla ya funda la kwanza, si baada ya gilasi.

5. Dafu

Nitalaumiwa kwa kuliweka dafu chini ya soda ya zero. Dafu ni kitu cha asili, lina potasiamu, na hakuna kinachoshinda dafu la baridi pale Mama Ngina upepo wa bahari ukikupiga. Lakini leo tunapima kilo. Maji ya dafu yana kalori kama 20 kwa mililita 100, chini ya nusu ya soda. Dafu zuri hutoa mililita 300 hadi 500, basi ni kalori 60 hadi 100. Moja kwa siku, badala ya juisi, ni biashara nzuri. Matatu kwa mpigo kwa sababu "ni maji tu" si maji tu.

Mwambie muuzaji, "Ami, nipatie changa, la maji." Koroma nyama yake imekaza na mafuta yameongezeka, ukishaanza kuikwangua kwa kile kijiko cha ganda umehama kutoka kinywaji hadi chakula. Mwenye maradhi ya figo amuulize daktari kwanza kuhusu hiyo potasiamu.

Zinazobaki

Juisi ya miwa, hata ikikamuliwa mbele yako na ndimu na tangawizi, ni sukari iliyotoka shambani bila kupitia kiwandani. Kwa gilasi, haina tofauti na soda, na mara nyingi inaipita. Ukwaju na bungo vyenyewe ni vikali, kwa hiyo jiulize ule utamu umetoka wapi. Vitengeneze nyumbani, uanze na nusu ya sukari uliyozoea, kila wiki upunguze kijiko. Bungo huwa gumu kupunguzia, nakubali.

Juisi ya boksi iliyoandikwa "haikuongezwa sukari" ina sukari ya tunda lenyewe, na ya embe inaweza kufika ile ya soda. Vinywaji vya kuongeza nguvu, vile vya chupa ndogo ambavyo vijana wa bodaboda hununua alfajiri, vingi vina gramu 10 au 11 kwa mililita 100, sawa na soda, na kafeini juu yake.

Ramadhani huwa inaharibu orodha hii yote. Magharibi imeadhiniwa, koo limekauka kwa muda wa saa kumi na tatu, na jagi la sharubati limejaa mbele yako. Tende na gilasi mbili za maji kwanza, halafu uendelee. Nusu ya kiu hiyo ilikuwa ya maji.

Na ikiwa siku imekushinda na lazima iwe soda yenyewe, ya sukari, basi tafuta ya chupa ya kioo ya mililita 300. Ni gramu 32, bado nyingi. Lakini chupa ni ya mwenye duka, hakuachii uondoke nayo. Utainywa pale pale kwenye benchi, utamrudishia, na nyumbani hutakuwa na chupa ya lita mbili inayokungoja kwenye friji.