Buti za vifungo 11, na hakuna hata kimoja kinachofunguka

Nashona mavazi ya jukwaani hapa Leicester, na mwezi uliopita nilitakiwa kumvisha mwigizaji awe bibi wa London ya miaka ya 1880. Buti niliziagiza mtandaoni kwa pauni 95: ngozi ya rangi ya shaba, kisigino kilichobonyea katikati, vifungo 11 upande wa nje. Pichani zilinitoa udenda.

Nianze na ule ukingo wa mawimbi. Kwenye buti za enzi za Malkia Victoria, ngozi inayopita juu ya mguu ilikatwa vijipinde, na kila kijipinde kikawa na tundu lake la kifungo. Hapa wamepatia kweli. Mshono unafuata kila kona bila kuruka, na vifungo vyeusi vimetulia juu ya ile shaba. Tarizi ya mnyororo kwenye ncha ni ya mashine. Sina ugomvi nayo.

Halafu nikageuza upande wa ndani. Zipu! Vifungo vimeshonewa juu kwa juu, matundu ni ya kuchora kwa uzi tu. Watu wa enzi zile walikuwa na kulabu ya kufungia: unaipenyeza tunduni, unanasa shingo ya kifungo, unavuta huku ukizungusha, kifungo kinachomoza. Na mwenye mguu mwembamba aling'oa kifungo akakisogeza kidogo, buti ikamkaa kama soksi. Hii ya zipu utaisogeza nini? Mwigizaji wangu inampwaya kifundoni, kila hatua ngozi inajikunja.

Kama taabu ya vifungo hawaitaki, si wangetengeneza buti zenye mpira wa kuvutika ubavuni, za kuvaa bila vifungo? Fundi Sparkes-Hall alimtengenezea Malkia jozi ya namna hiyo tangu 1837.

Mazoezi ya pili, vifungo viwili chini. Vimeshikwa na uzi mmoja, fundo hakuna. Nilipomwandikia muuzaji alinijibu kwamba vifungo ni vya urembo, visivutwe. Nani kavivuta? Nimevishona vyote upya kwa uzi wa nta.

Nyota tatu. Kwa picha, au jukwaa lililo mbali na watazamaji, chukua, ila ongeza namba moja maana vidole vinabanwa. Zangu nimeanza kuzitoboa matundu ya kweli. Buti ya kwanza, manne tayari, saba bado.